Muuguzi aanze na mgonjwa yupi?

Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuingie pamoja katika wodi ya watu wazima, ile wanamolazwa wagonjwa wa homa kali, wa kisukari, wa moyo na wa kiharusi, na ile ya jirani yake wanamolazwa waliopasuliwa na wanaosubiri kupasuliwa. Humo kuna swali moja ambalo kila muuguzi hujiuliza anapoingia zamu, na ambalo jamaa wa wagonjwa huliuliza kwa hasira: nani ahudumiwe kwanza?

Msikilizaji mmoja ameniandikia barua ya malalamiko. Anasema baba yake alifanyiwa upasuaji wa ngiri, na usiku akawa analia kwa maumivu. Muuguzi alipita mbele ya kitanda chake mara mbili, akasema "subiri kidogo, mzee", kisha akaenda kusimama kwa mgonjwa mwingine aliyekuwa amelala kimya kabisa. Msikilizaji anauliza: huo ni utu kweli, au ni upendeleo, au pengine palitakiwa kitu kidogo?

Sikuwapo usiku huo, kwa hiyo siwezi kumtetea wala kumhukumu muuguzi huyo. Lugha chafu ipo katika baadhi ya wodi, na rushwa ipo, na hayo yana siku yake. Lakini kumpita anayelia na kumwendea aliyenyamaza, kwa hilo peke yake, si ushahidi wa ubaya. Mara nyingi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mimi ni muuguzi kwa taaluma, na naomba leo nieleze utaratibu huo unatoka wapi.

Muuguzi hufundishwa kupanga kazi yake kwa kufuata kile kinachoweza kuua upesi zaidi. Cha kwanza ni njia ya hewa: je, koo li wazi? Cha pili ni kupumua kwenyewe: je, kifua kinapanda na kushuka inavyotakiwa? Cha tatu ni damu: je, inazunguka, au inamwagika? Cha nne ni fahamu: je, mgonjwa anajitambua, anajibu akiitwa? Baada ya hayo ndipo yanakuja maumivu, chakula, usafi, usingizi na utulivu wa moyo. Mpango huu haupimi nani ana thamani kuliko mwenzake. Unafuata saa. Ubongo ukikosa hewa huanza kuharibika katika dakika chache tu. Damu nyingi ikimwagika mtu anaweza kufa kabla ya mapambazuko. Maumivu ya kidonda ni mateso, lakini ni nadra yamuue mtu katika nusu saa.

Tuchukue mfano. Tuseme ni saa nane za usiku katika wodi ya wanaume, na muuguzi yuko peke yake. Kitanda cha kwanza kuna kijana aliyepasuliwa jana, analia kwa maumivu. Kitanda cha pili kuna mzee mwenye kisukari ambaye jioni alichomwa sindano ya insulini, lakini chakula hakukigusa. Sasa anatoka jasho, anatetemeka na maneno yake hayaeleweki. Kitanda cha tatu kuna mtu aliyetolewa chumba cha upasuaji hivi punde, nusu kaputi haijamtoka vizuri, naye anakoroma kwa sauti kubwa. Kitanda cha nne dripu imekwisha, na jamaa wa mgonjwa anaita kwa ukali. Wewe ungeanza na nani?

Wengi wangesema aanze na anayelia, au na anayeita kwa ukali. Muuguzi aliyefunzwa anakwenda kwa anayekoroma. Mtu aliyetoka kwenye dawa ya usingizi akikoroma hivyo, huenda ulimi umelegea ukarudi nyuma na kuziba koo. Tiba yake huchukua sekunde chache: kuinua kidevu, kusukuma taya mbele, kumgeuza alale ubavu na kuhakikisha hewa inapita. Akichelewa, koroma ile itanyamaza, na jamaa watadhani mgonjwa wao sasa amepata usingizi mzuri.

Anayefuata ni mzee wa kisukari, kwa sababu sukari iliyoshuka sana nayo hudhuru ubongo. Anatobolewa kidole na kupimwa. Kipimo kikiwa chini ya 4 katika mashine zetu, hiyo ni hatari. Kama anaweza kumeza, anapewa maji ya sukari. Kama hawezi, anawekewa glukosi kwenye mshipa. Mtu asiyejitambua hamiminiwi kitu mdomoni hata kidogo, kwani kitaingia mapafuni.

Sasa ni zamu ya kijana anayelia. Kabla ya dawa ya maumivu, muuguzi anafunua kidonda na kushika mapigo ya moyo, maana maumivu yanayozidi badala ya kupungua yanaweza kuwa dalili ya damu inayovuja ndani. Na ile dripu? Muuguzi mwenye uzoefu huifunga kwa kidole akiwa njiani, bila kusimama, kisha huirudia baadaye.

Hapa, ndugu msikilizaji, ndipo wahenga wanapotukumbusha kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Anayelia ana pumzi za kulilia. Anayelalamika ana fahamu za kulalamika. Wa kuogopwa zaidi ni yule ambaye jana alikuwa akiongea na leo amenyamaza, aliyekuwa mtulivu na sasa anahangaika kitandani bila sababu, au anayepumua haraka haraka huku amefumba macho.

Ndiyo maana kuna vipimo. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na moyo wake hupiga mara 60 hadi 100. Katika vipimo vyote, hesabu ya pumzi ndiyo hupuuzwa zaidi, ingawa haihitaji mashine yoyote ila saa na macho. Inatakiwa kuhesabiwa dakika nzima, na vizuri mgonjwa asijue, kwa sababu mtu akijua anahesabiwa pumzi huzibadili. Muuguzi mwerevu huendelea kushika kifundo cha mkono kana kwamba anahesabu mapigo, kumbe anatazama kifua. Pumzi zikifika 25 kwa dakika, mwili unaomba msaada.

Damu ikivuja ndani baada ya upasuaji, mwili huficha siri hiyo kwa muda. Kwanza mapigo ya moyo hwenda mbio. Kisha ngozi hupoa na kupauka, mgonjwa huona kiu, huhangaika, na mkojo hupungua ukawa chini ya mililita 30 kwa saa. Presha ya damu huweza kushuka mwishoni kabisa. Kwa hiyo muuguzi anayetazama presha peke yake na kusema "huyu hajambo" anaweza kuwa anasoma habari za jana. Hii ndiyo sababu kwa kawaida mgonjwa aliyetoka kupasuliwa hupimwa kila dakika 15 katika saa la kwanza, halafu kila nusu saa, halafu kila saa.

Wenzetu wa Uingereza mwaka 2012 waliweka mpango mmoja wa alama kwa hospitali zao, wakaurekebisha mwaka 2017. Pumzi, oksijeni katika damu, presha, mapigo, fahamu na joto la mwili, kila kimoja hupewa alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 5, daktari aitwe haraka. Ikifika 7, ni dharura. Faida yake ni kwamba muuguzi wa zamu ya usiku hana haja ya kuogopa kumwamsha daktari kwa kuwa "nahisi tu hali si nzuri". Anayo hesabu mkononi.

Kabla ya upasuaji pia yapo mambo ya kutangulizwa. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo ya kuhakikisha chumbani mwa upasuaji: huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Anapasuliwa nini, na upande gani? Ana mzio wa dawa? Vitambaa na vifaa vimehesabiwa kabla ya kumtoa? Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, mmoja wao ukiwa Ifakara, hapa kwetu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakuna dawa mpya iliyoletwa. Watu waliulizana maswali kwa sauti kabla ya kushika kisu.

Na hapa nina neno kwa jamaa wa wagonjwa. Mgonjwa anapoambiwa asile, mtu asimpenyezee uji kwa huruma. Kwa kawaida chakula husimamishwa saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, na maji matupu saa 2. Sababu yake ni kwamba nusu kaputi hulegeza mwili wote, chakula kilichomo tumboni kinaweza kupanda kooni na kushukia mapafuni. Kikombe cha uji kilichotolewa kwa upendo kinaweza kuua. Kama mgonjwa amekwisha kunywa, msifiche. Semeni, upasuaji uahirishwe.

Baada ya hatari za haraka kuna zile zinazonyemelea. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, la sivyo ngozi ya kiunoni na visiginoni itaoza kwa kulaliwa. Aliyepasuliwa aketishwe, avute pumzi ndefu, akohoe huku ameshikilia kidonda, na atembezwe mapema daktari akiruhusu, ili asipate nimonia wala damu kuganda miguuni. Hapo ndipo dawa ya maumivu inapopata uzito wake: mwenye maumivu hakohoi, havuti pumzi, hatembei. Kumchelewesha kwa dakika 20 kwa ajili ya mwenye hatari zaidi ni sawa. Kumsahau mpaka asubuhi si sawa hata kidogo. Na mikono ioshwe kati ya mgonjwa na mgonjwa, kila mara. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Tuseme muuguzi mmoja amepokea wagonjwa 4 waliotoka kupasuliwa kwa wakati mmoja. Kila mmoja anatakiwa apimwe kila dakika 15, na kumpima vizuri na kuandika huchukua dakika 5. Wanne mara tano ni dakika 20. Dakika 20 haziingii katika 15, hata muuguzi awe na moyo wa namna gani, na bado hatujamhesabu mtu wa dripu wala wa kisukari. Kinachotokea ni kwamba namba huandikwa bila kupimwa, na chati ya namna hiyo ni mbaya kuliko karatasi tupu, kwa sababu inamdanganya daktari. Wanaopanga idadi ya wauguzi wa usiku waitazame hesabu hiyo.

Kwa wauguzi wenzangu nasema hivi: kupanga nani wa kwanza hakukupi ruhusa ya kumnyamazia wa pili. "Nimekusikia, mzee. Kuna mwenzako hapati hewa. Nakuja kwako nikimaliza." Maneno hayo hayana gharama, na yangeokoa barua nyingi za malalamiko.

Na kwako wewe unayemwuguza ndugu yako: ukiona anakoroma au anapumua kwa shida, ukiona damu inapenya bandeji, ukiona amebadilika akili au haamki ukimwita, usingoje zamu. Piga kelele. Kama si mojawapo ya hayo, ita kwa adabu, uliza utahudumiwa lini, na mkumbushe muuguzi akichelewa. Na ukimwona anakupita kwenda kwa aliye kimya, mwache apite; kesho huyo aliye kimya anaweza kuwa ni wako.