Visiwa vya Mpakani na Mstari wa 1926

Mtu akisimama katika mji wa Busia, mahali malori yanapojipanga kwa safari ya kwenda Tororo, Jinja na Kampala, huuona mpaka wa Kenya na Uganda kwa macho yake. Lipo lango, lipo jengo la forodha, wapo maafisa wenye sare, na zipo bendera mbili. Mwenye kuvuka hujua ni wapi ameiacha nchi moja na ni wapi ameingia nyingine. Lakini mtu huyo huyo akiufuata mto Sio mpaka unapomwaga maji yake ziwani, hatauona mpaka tena. Mbele yake ni Ziwa Victoria, na katika maji hayo vimetapakaa visiwa: Sumba, Sigulu, Lolwe, Mageta na vingine vingi, vikubwa kwa vidogo. Katika mazungumzo yetu ya leo tunakusudia kueleza visiwa hivyo vimo chini ya utawala wa nani, viliwekwaje chini ya utawala huo, na kwa nini jambo hilo humgusa mvuvi kila aisukumapo mashua yake majini.

Yafaa tuanze na historia. Karne ya 20 ilipoanza, hapakuwa na mpaka Busia wala Malaba. Mkoa wa Mashariki wa himaya ya Uganda ulienea kutoka huku kwetu, ukapita Kisumu, ukafika hata Naivasha katika Bonde la Ufa. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na serikali ya Uingereza ikaona afadhali njia yote iwe chini ya utawala mmoja. Tarehe 1 Aprili 1902 mkoa huo uliondolewa katika Uganda ukatiwa katika himaya ya Afrika ya Mashariki, ambayo mwaka 1920 ilikuja kuwa Koloni la Kenya. Hakuna mkulima wala mvuvi aliyeulizwa. Wasamia wakajikuta pande mbili za mto Sio, na Wateso wakajikuta pande mbili za mto Malaba, wengine wakihesabiwa watu wa Tororo na wengine watu wa Kenya, ilhali mazishi yao, mahari zao na masoko yao viliendelea kuwa vya jamii moja.

Mpaka wenyewe ulikuja kuandikwa kwa urefu katika Amri ya Mfalme katika Baraza ya mwaka 1926. Nchi kavu, mstari wa amri hiyo huufuata mto Sio, hupita katika eneo la Busia, hushika mto Malaba, kisha hupanda mpaka Mlima Elgon. Ziwani, waandishi wa amri hawakuwa na mto wa kuufuata, kwa hiyo walivishika visiwa kama mtu anavyoshika mawe ya kuvukia kijito. Walianza kwenye mstari wa digrii moja kusini mwa Ikweta, unakokutana mpaka wa Tanzania, wakaenda kaskazini hadi ncha ya magharibi ya kisiwa kilichoitwa Pyramid. Kutoka hapo walikwenda mpaka ncha ya magharibi ya Ilemba, kisha ya Kiringiti, kisha ya Mageta, kisha ncha ya kusini ya Sumba. Baada ya kuufuata ufuko wa magharibi wa Sumba mpaka ncha yake ya kaskazini, walivuta mstari ulionyooka hadi katikati ya kinywa cha mto Sio.

Twaomba msikilizaji aliangalie vyema neno hilo la ncha ya magharibi, kwa maana ndilo shina la habari yetu. Mstari uligusa visiwa upande wa magharibi, na kwa hiyo visiwa vyenyewe vilibaki Kenya. Lakini maji yaliyo magharibi mwa visiwa hivyo, tangu pale wimbi linapolamba mchanga, yalibaki Uganda. Mtu anayeishi katika ufuko wa magharibi wa Sumba hulala Kenya na hupika Kenya. Mashua yake ikishaelea tu, inaelea Uganda. Waliochora mstari waligawa nchi kavu kwa watu, wala hawakufikiri kwamba kwa mtu wa kisiwani shamba lake ni maji.

Pengine kosa hilo lina sababu yake. Tangu mwanzo wa karne ile ugonjwa wa malale ulikuwa umeua watu wengi mno katika mwambao wa ziwa, na inakadiriwa kwamba katika Uganda peke yake walikufa zaidi ya 200,000. Ili kuwatenga watu na mbung'o, mnamo 1909 serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wa visiwa vingi, vikiwamo vile vya Ssese na Buvuma, na ruhusa ya kurudi haikutolewa ila baada ya miaka mingi. Kwa hiyo wakati mstari ulipokuwa ukitengenezwa, sehemu kubwa ya visiwa vya ziwa hili ilikuwa haina watu, au ndiyo kwanza watu walikuwa wakirejea. Ni rahisi kuchora mstari mahali ambapo hapana moshi wa jiko.

Sasa tuitazame hali ya utawala. Upande wa Uganda, Sigulu ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya kundi hili, na pamoja na Lolwe na jirani zake hujulikana kwa jina la Bukooli Islands. Visiwa hivyo vilikuwa sehemu ya Wilaya ya Iganga. Mwaka 1997 ilipoundwa Wilaya ya Bugiri vikahamia huko. Na mwaka 2010 ilipoundwa Wilaya ya Namayingo vikahamia huko tena. Katika mwaka ule ule wa 1997 Busia ya Uganda nayo ilitengwa na Tororo ikawa wilaya kamili. Hivyo mzee wa Sigulu aliyezaliwa zamani amepata kuwa raia wa wilaya tatu bila kuhama nyumba yake. Faida yake ni kwamba ofisi imekuwa ikisogea karibu naye, na visiwa vina mbunge wao. Hata hivyo makao ya wilaya yangali bara, na safari ya kuyafikia huanza kwa mashua au kwa kivuko.

Upande wa Kenya utawala ulikatwa kwa namna nyingine. Kabla ya Katiba ya 2010, visiwa vilivyo karibu na Busia vilikuwa katika Mkoa wa Magharibi, makao yake Kakamega, na Mageta pamoja na vilivyo kusini mwake vilikuwa katika Mkoa wa Nyanza, makao yake Kisumu. Katiba hiyo iliweka kaunti 47, nazo zilianza kazi mwaka 2013. Sumba kikahesabiwa pamoja na Budalang'i katika Kaunti ya Busia, na Mageta katika Kaunti ya Siaya. Kwa hiyo visiwa vinavyotazamana, ambavyo mvuvi huvihesabu kuwa ujirani mmoja, vina wilaya moja huku na kaunti mbalimbali kule, na juu yake dola mbili.

Hilo si jambo la lazima. Yapo mahali pengi katika Afrika ya Mashariki ambapo visiwa vimepewa utawala wao wenyewe. Visiwa vya Ssese, 84 kwa idadi, vilifanywa Wilaya ya Kalangala mwaka 1989, na Buvuma kikawa wilaya mwaka 2010. Ukerewe na Mafia ni wilaya katika Tanzania. Pemba ina mikoa miwili, mmoja wenye makao Wete na mwingine Chake Chake. Katika Kenya yenyewe, Lamu ni kaunti ambayo makao yake yalikuwa kisiwani, na watu wa bara ndio waliokuwa wakivuka maji kumfuata mkubwa. Mahali kama hapo, afisa hujua bei ya mafuta ya mashua na hujua upepo unavuma lini, kwa sababu naye anautegemea. Ofisi iliyo bara huweza kuipa zahanati ya kisiwani gari la wagonjwa kwenye karatasi, ikasahau kwamba mama mwenye uchungu wa kuzaa anahitaji mashua yenye injini na nahodha wa usiku.

Huenda msikilizaji akauliza: ikiwa mstari una kasoro kiasi hicho, kwa nini usichorwe upya? Jibu lilitolewa Cairo mwezi wa Julai 1964, pale wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipoazimia kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Walijua ilichorwa na wageni, na walijua pia kwamba kuigusa mmoja ni kuitikisa yote. Sisi wa upande huu tulipata ushahidi wa hekima hiyo mwezi wa Februari 1976, Idi Amin alipoyafufua mambo ya 1902 na kudai kwamba sehemu kubwa ya Kenya ya magharibi ilikuwa ya Uganda. Madai hayo yaliwatia watu hofu, yakachafua biashara, wala hayakumwongezea mkulima wa Tororo hata jembe moja.

Ushahidi wa pili ni Migingo, mwamba usiofika nusu ekari ulio kusini zaidi, ambao Kenya huuhesabu katika Kaunti ya Migori. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 ulikuwa na wakazi 131. Mwaka huo huo mwamba huo ulikaribia kuzigombanisha nchi mbili. Mwezi wa Mei 2009 Rais Yoweri Museveni alikubali kwamba mwamba uko Kenya, lakini akashikilia kwamba maji wanamovua wavuvi hao ni ya Uganda. Matokeo ya upimaji yaliyotangazwa mwezi wa Julai yalionyesha kwamba Migingo iko mita 510 mashariki mwa mstari. Mita 510 ni umbali ambao mashua yenye injini huumaliza kwa dakika chache. Kwa hiyo kuujua mwenye mwamba hakukumaliza ugomvi. Ugomvi ulikuwa juu ya samaki.

Na samaki hawafuati amri ya 1926. Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na katika hizo Kenya ina asilimia 6 tu, Uganda asilimia 43, na Tanzania asilimia 51. Sangara, aliyepandwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alileta viwanda na fedha za kigeni, na kwa ajili yake wavuvi huenda mbali kwenye maji ya kina. Akiba ya samaki ilipopungua, kila serikali ilikaza ulinzi. Kuanzia 2017 Uganda ililitumia jeshi lake kuzuia uvuvi haramu. Kuwalinda samaki ni jambo jema, na sheria lazima iwe na nguvu. Lakini mvuvi wa Port Victoria au wa Sumba aliyekamatwa usiku, mashua na nyavu zake zikachukuliwa, mara nyingi hakuona alama yoyote ya kumwonya kwamba amevuka. Nyavu zile ndizo karo ya watoto, na pengine bado zina deni.

Wasikilizaji wapenzi, dawa ya jambo hili haiko mbali. Iko Busia. Kwa miaka mingi msafiri alisimamishwa mara mbili katika mji huo, mara moja na Kenya na mara moja na Uganda. Mwezi wa Februari 2018 marais wa nchi hizi mbili walikifungua rasmi kituo cha pamoja, ambamo maafisa wa pande zote huketi chini ya paa moja na msafiri husimama mara moja tu. Mstari wa 1926 haukusogezwa hata unyayo mmoja. Kilichobadilika ni kazi inayofanywa juu yake.

Kinachowezekana juu ya lami chawezekana pia juu ya maji. Nchi tatu za ziwa zinacho chombo chao, Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba wa Kisumu wa mwaka 1994 na kuwekwa makao yake Jinja. Na zimo katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki iliyofufuliwa kwa mkataba wa 1999. Kwa misingi hiyo zingeweza kuweka maboya yenye taa kwenye mstari, ili mvuvi aone anapofika. Zingeweza kukubaliana juu ya leseni itakayotambuliwa pande zote mbili kwa wakazi wa visiwa vya mpakani, kwa masharti yale yale ya ukubwa wa macho ya nyavu. Zingeweza kuwa na doria ya pamoja, na zahanati ya kisiwani ikampokea mgonjwa kabla ya kumwuliza kitambulisho.

Mipaka yetu tuliirithi, na tumekubaliana kuitunza. Lakini kuitunza hakumaanishi kumwacha mtu wa Sumba alale katika nchi moja na kukamatwa katika nyingine kila atafutapo riziki. Siku ambayo ofisi za Busia na Namayingo zitaweza kuitana kwa simu moja mashua inapokawia kurudi, bila kuuliza kwanza imepotelea upande gani, ndiyo siku ambayo visiwa hivi vitakuwa vimepata utawala.