Mate Mazito Kinywani mwa Mkimbiaji

Alasiri ya Ijumaa, tarehe 24 Julai 1908, wanaume 55 walitoka kwenye kasri la Windsor wakiuelekea uwanja wa White City magharibi ya London, na njia yao, yenye kilomita 42 na mita 195, iliwapitisha Pinner na Harrow katika jua kali lililowashinda takriban nusu yao wasiuone mwisho wa mbio. Mwitaliano Dorando Pietri, aliyetangulia kuingia uwanjani, alianguka mara kwa mara akainuliwa na wasimamizi, na kwa sababu hiyo akanyimwa ushindi, nishani ya dhahabu ikamwendea Johnny Hayes wa Marekani. Huyu alieleza baadaye kwamba njia nzima hakula wala hakunywa, kwani aliamini kuwa kufanya hivyo ni kosa kubwa, ila alijiosha uso kwa maji ya manukato na kusukutua koo kwa brandi. Tabibu wa leo hatausifu uamuzi wake wa kutokunywa siku ya joto kama ile. Lakini haja iliyomfanya asukutue koo aijua kila aliyepata kukimbia kwa nguvu, pale mate yanapogeuka ute unaonata kati ya ulimi na kaakaa, yasimezeke wala yasitemeke, na koromeo likawasha kana kwamba kuna kitu kilichokwama.

Wengi hudhani kuwa hilo ni belghamu ipandayo kutoka mapafuni, au kuwa baridi imeingia kifuani, na aghalabu huacha mbio kwa hofu. Dhana hiyo yafaa kuchunguzwa, maana asili ya mate hayo haimo kifuani hata kidogo.

Mate hutoka katika tezi kubwa jozi tatu, pamoja na tezi ndogo nyingi zilizotapakaa midomoni na kaakaani. Jozi iliyo mbele ya masikio, ambayo ndiyo ivimbayo mtu apatwapo na machubwichubwi, hutoa mate mepesi. Iliyo chini ya ulimi hutoa ute mzito. Na ile iliyo chini ya taya hutoa mchanganyiko wa aina zote mbili. Kwa siku moja mtu mzima hutoa baina ya nusu lita na lita moja na nusu, na zaidi ya sehemu 99 katika kila 100 za mate hayo ni maji, ila sehemu ndogo iliyosalia ndiyo ibebayo chumvi na protini, zikiwemo musini, ambazo ndizo ziyapazo mate utelezi na unato wake.

Kiasi cha maji na kiasi cha musini huamuliwa na mishipa ya fahamu isiyotii hiari yetu, nayo iko makundi mawili. Kundi la kwanza hutawala wakati wa utulivu na wa kula, na kwa amri yake mate hububujika mengi na mepesi. Kundi la pili hutawala wakati wa hatari na wa juhudi kubwa, likauharakisha moyo, likapanua njia za pumzi, na kwa amri yake mate hutoka machache yaliyojaa protini. Mtu akimbiapo kwa kasi, kundi hili la pili hushika hatamu, hata maji ya mate yakapungua wakati uleule ambapo musini zinaongezeka. Na hii ndiyo sababu hata aliyekunywa maji ya kutosha kabla ya kutoka nyumbani aweza kuukuta ute huo baada ya mwendo mfupi.

Yastahili kukumbukwa hapa kwamba Harrow, palipopitiwa na mbio zile za 1908, ndiko alikozaliwa, tarehe 23 Machi 1929, Roger Bannister, mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne, alipotumia dakika 3 na sekunde 59.4 mjini Oxford tarehe 6 Mei 1954. Ulimwengu wamjua kwa mbio hizo, lakini yeye alikuwa mwanafunzi wa utabibu aliyechunguza jinsi wakimbiaji wanavyopumua, kisha akawa bingwa wa maradhi ya mishipa hiyohiyo isiyotii hiari, akahariri kitabu mashuhuri juu ya kudhoofika kwa mishipa hiyo, na kazi hiyo ya udaktari ndiyo aliyoithamini kuliko ushindi wake wa uwanjani.

Sababu ya pili ya mate kuwa mazito ni hewa yenyewe. Aliyetulia huvuta lita sita hadi nane za hewa kwa dakika, na pua huzitia joto na unyevu. Akimbiapo hata haja yake ikafikia lita 35 au 40, pua peke yake haitoshi, kinywa hufunguka, na katika mbio kali lita hizo huweza kupita 100. Hewa hiyo yote sharti ifike mapafuni ikiwa na joto la nyuzi 37 na kiasi cha gramu 44 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Mkimbiaji wa Mombasa au Unguja huvuta hewa ambayo tayari ina gramu 20 na zaidi, ilhali asubuhi ya Januari huko Harrow, zebaki ikiwa kwenye sifuri, hewa haiwezi kubeba hata gramu tano, japo kuna ukungu. Upungufu wote huo hulipwa na utando wa kinywa na koo. Jamaa wengi waliohama Kenya na Uganda katika miaka ya 1960 na 1970 wamefanya Harrow kuwa maskani yao, na kwa aliyezoea hewa ya kwetu si ajabu kwamba koo lake hulalamika kwanza kabla ya miguu.

Fauka ya hayo, zipo sababu nyingine ambazo mkimbiaji hana budi kuzipambanua. Wakati wa kiangazi chavua za nyasi huwasha pua, kamasi likateremka nyuma ya koo. Na aliyekula mlo mzito kabla ya kutoka huweza kupandishiwa asidi ya tumbo hadi kooni, hata asipohisi kiungulia. Maziwa, ambayo husingiziwa mara nyingi, hayaongezi kamasi mwilini; yakichanganyika na mate huacha utando mzito kwa muda mfupi tu.

Basi dawa ni nini? Kwanza, mtu aanze polepole kwa dakika kumi au kumi na tano, asiushtue mwili, na katika mwendo mwepesi apumue kwa pua kadiri awezavyo. Siku ya baridi ajifunge skafu nyepesi kinywani, nayo itahifadhi mvuke wa pumzi aitoayo na kumrudishia katika ile aivutayo. Anywe kwa kuifuata kiu, kwa mafunda madogo, asijilazimishe maji mengi kupita kiasi, kwani kuizimua chumvi ya damu ni hatari kubwa kuliko ukavu wa kinywa. Kusukutua kuna manufaa yake: tone la ndimu katika maji huziamsha tezi kutoa mate mepesi, na mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham walionyesha kwamba waendesha baiskeli waliosukutua maji yenye wanga na kuyatema walimaliza kazi ya muda wa saa moja upesi zaidi kuliko waliposukutua maji matupu. Mlo mkubwa nao utangulie mbio kwa saa mbili au tatu.

Kipimo cha mwisho ni chepesi. Mate yakirudia wepesi wake muda mfupi baada ya kupumzika na kunywa, hapana maradhi, na mkimbiaji aendelee na mazoezi yake bila wasiwasi. Lakini pumzi ikitoa mlio, kifua kikibana, koo likiziba ghafla katikati ya mbio, makohozi yakiwa na damu, chakula kikimezwa kwa taabu, au sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, asijitibu kwa ndimu wala kwa skafu: huenda ni pumu, au ni zoloto lijifungalo wakati wa juhudi, au jambo jingine linalotaka jicho la tabibu, na kwenda mapema ndiko kutakakomwezesha kukimbia tena.