Mlango wa Maji na Elimu ya Mhandisi

Kijana mmoja wa hapa Bariadi aliniuliza kama yafaa aende Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, akasome uhandisi wa mazingira. Babake asema hiyo ni elimu ya takataka.

Nikamkumbusha mlango wa maji alioudurusu kwangu. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, maji yaliyotimu kulateni hayawi najisi kwa kuingiwa na najisi, ila yakigeuka rangi, ladha au harufu. Yaani wanavyuoni walipima wingi wa maji mbele ya uchafu. Mhandisi naye hupima, kwa hesabu: mto wachukua maji kiasi gani, umeingia uchafu kiasi gani, nao utafika wapi ukiwa na nguvu gani.

Lakini sumu ya kunyunyizia pamba yaweza kuwamo majini, na rangi isigeuke! Na mto Simiyu humwagika Ziwa Viktoria, wanywamo watu wengi. Hapo tiba bora ni kupunguza uchafu kabla haujatoka: kunyunyiza kwa kipimo, kutoosha bomba mtoni. Hata mbegu za pamba, zilizobaki kiwandani, hukamuliwa mafuta, na mashudu wakala ng'ombe.

Ijumaa, inshallah, nitamwendea babake.