Uniti 150 Ndani ya Mfuko wa Mbolea

Siku hizi mkutano wa tabianchi haupiti bila mtu kuisifia hidrojeni. Itaendesha magari, itaendesha meli, itayeyusha chuma, wengine wanasema itapika hata wali. Msomaji anayenunua uniti zake za umeme kwa simu ana haki ya kuuliza: kama umeme upo, hidrojeni ya nini? Jibu langu ni kwamba panapofika waya au betri, tutumie umeme. Hidrojeni tuiachie kazi ambazo umeme peke yake hauziwezi, na kwa Afrika Mashariki kazi iliyo mbele ya zote ni mbolea.

Tuanze na inakotoka. Karibu hidrojeni yote inayotumika duniani hutengenezwa kiwandani. Mwaka 2023 ilifikia takriban tani milioni 97, na karibu yote ilitokana na nishati za kisukuku, hasa gesi asilia na makaa ya mawe. Kila kilo moja itokanayo na gesi huacha kama kilo 10 za hewa ukaa. Hidrojeni inayoitwa ya kijani hutokana na maji na umeme safi. Ndani ya mtambo wake, sahani za chuma zimetumbukizwa kwenye maji yaliyochujwa chumvi zote na kutiwa magadi makali ili yapitishe umeme. Umeme ukiwashwa, mapovu ya hidrojeni hupanda upande wa hasi na ya oksijeni upande wa chanya, huku kiwambo chembamba kikizuia gesi hizo mbili zisikutane, maana zikikutana cheche moja tu inatosha kuzilipua. Kilo moja ya hidrojeni hula lita tisa za maji na uniti 50 hadi 55 za umeme.

Hizo uniti 50 na ushei ndizo zinazoamua kila kitu. Gari la hidrojeni huibeba gesi hiyo ikiwa imeshindiliwa kwenye tangi kwa shinikizo kubwa, kisha kifaa kilichomo garini huigeuza tena kuwa umeme wa kuzungusha mota. Ni kama kubadili shilingi kuwa dola, halafu dola kuwa shilingi, na kila dirisha linakata chake. Ukianza na uniti 100, zinazofika kwenye magurudumu ni kama 30. Ukizitia uniti hizohizo 100 kwenye betri, zinazofika ni kama 75. Umeme uleule, barabara ileile, lakini gari la betri linakwenda zaidi ya mara mbili ya umbali.

Ndiyo maana kwenye usafiri wa kila siku mshindi ameshajulikana. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 huchukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye nyaya zilizotandazwa juu ya reli, haina haja ya kubeba mafuta ya aina yoyote. Bodaboda za umeme za Nairobi na Kigali hubadilishiwa betri kituoni, na dereva anaondoka na abiria wake. Mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme, shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa za matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo. Jikoni nako, sufuria ya presha ya umeme huivisha maharage kwa uniti isiyofika moja. Kuchukua umeme, kuufanya gesi, kisha kuichoma gesi hiyo ili kuivisha maharage yaleyale ni kumlipisha mpishi mara mbili.

Ila ziko kazi ambazo ukipeleka waya bado hujazimaliza. Mmea unahitaji naitrojeni, na ili naitrojeni ya hewani igeuke chakula cha mmea sharti ifungwe na hidrojeni iwe amonia. Fritz Haber alionyesha njia hiyo mwaka 1909, naye Carl Bosch akaifikisha kiwandani mjini Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Hapa hidrojeni ni kiungo chenyewe cha bidhaa, na betri haiwezi kushika nafasi ya kiungo. Chuma nacho kina shida inayofanana. Makaa ya mawe kwenye tanuru hutoa joto, lakini pia hunyang'anya mawe ya chuma oksijeni iliyomo. Hidrojeni inaweza kuinyang'anya oksijeni hiyo ikaacha mvuke wa maji. Huko Luleå, Uswidi, mtambo wa majaribio wa HYBRIT ulianza kazi mwaka 2020, na chuma chake cha kwanza kikamfikia mteja mwaka uliofuata.

Turudi kwenye mbolea, tupige hesabu. Mfuko wa mbolea ya CAN wa kilo 50 una naitrojeni kama kilo 13. Kuifunga kunahitaji hidrojeni isiyofika kilo tatu, yaani takriban uniti 150 za umeme. Kwa kaya ya Tanzania iliyo kwenye kundi la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, mfuko mmoja ni umeme wa miezi miwili. Tuseme kiwanda kiko Kenya na kinalipa shilingi 20 kwa uniti: umeme pekee umekula shilingi 3,000 kabla ya mtambo, wafanyakazi na gunia. Kikilipa shilingi 5, umekula 750. Tukumbuke kuwa Septemba 2022, baada ya bei ya gesi duniani kupaa, serikali ya Kenya ililazimika kutia ruzuku ili mfuko ushuke kutoka takriban shilingi 6,500 hadi 3,500.

Historia nayo inaonya kuwa bei ya umeme ndiyo inayoamua. Mbolea ya umeme si ndoto mpya: Norway iliitengeneza Rjukan kwa nguvu za maporomoko, Misri ikaitengeneza Aswan kwa umeme wa Mto Nile. Zimbabwe ilifanya hivyo Kwekwe kuanzia miaka ya 1970, kwa umeme wa Kariba. Rjukan na Aswan zilishindwa na gesi ya bei poa. Kwekwe ilizima mitambo yake ya kupasua maji mwaka 2015, wakati nchi iko kwenye mgao na umeme umekuwa ghali, ikabaki kuagiza amonia kutoka nje. Utaalamu ulikuwepo, wanunuzi walikuwepo. Kilichokosekana ni umeme mwingi wa bei nafuu.

Kenya, iliyozindua mkakati wake wa hidrojeni ya kijani mwaka 2023, inautegemea mvuke wa jotoardhi wa Olkaria. Usiku wa manane matumizi hushuka, na sehemu ya mvuke huo huachwa upotee hewani bila kuzungusha mtambo. Umeme wa mvuke huo unaopotea ungekuwa wa bei ya chini kabisa. Lakini mtambo wa hidrojeni ni wa fedha nyingi, na ukifanya kazi saa tano au sita tu kwa siku, mkopo wake unaifanya kila kilo iwe ghali. Tena bodaboda na mabasi nayo huchajiwa usiku, kwa hiyo ziada hiyo ina wachumba wengi. Oman, iliyounda kampuni ya Hydrom mwaka 2022 na kujiwekea lengo la angalau tani milioni moja za hidrojeni kwa mwaka ifikapo 2030, inategemea jua la mchana na upepo wa Duqm na Dhofar ili mitambo ipate saa nyingi zaidi za kazi. Maji yake itabidi yawe ya bahari yaliyotolewa chumvi.

Usafi wa umeme nao si jambo la kudhani. Ukipasua maji kwa umeme wa makaa ya mawe, kila kilo ya hidrojeni huacha zaidi ya kilo 40 za hewa ukaa, mara nne ya ile ya gesi asilia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusafisha na kupanua gridi, ya pili ni kuwaunganishia umeme watu na magari yao, na hidrojeni inafuata nyuma yao.

Basi mradi wa hidrojeni ukitangazwa karibu nawe, uliza bei ya uniti, saa za kazi kwa mwaka, na jina la mnunuzi. Mnunuzi akiwa kiwanda cha mbolea na uniti ikiwa ya bei nafuu, kuna jambo la kuzungumza. Ukiambiwa ni ya kuendeshea teksi, waambie wakuletee chaja.