Binti Amepata Cheti cha Urembo: Aende Vipi kwa Mwajiri?



Kila kiangazi vyuo vya hapa Uingereza hutoa mabinti wenye vyeti vya ususi na urembo vya daraja la 2 na la 3, na wa kwetu wamo. Nyumbani halua hupikwa. Kisha binti huzunguka saluni tatu, nne, akarudi mikono mitupu. Aghalabu si ufundi uliomwangusha, bali usaili.

Usaili wa saluni huwa na sehemu mbili, maneno na kazi. Mara nyingi mwombaji hutakiwa aje na mtu wake wa kumtengeneza nywele au uso. Binti humleta dada yake, wakaanza kucheka na kusemezana Kiswahili, na mwenye saluni kasimama kama mgeni dukani mwake. Dada huyo kwa saa hiyo ni mteja. Aulizwe, kwa Kiingereza, kama ana mzio, kama ni mjamzito, anatumia dawa gani. Majibu yaandikwe katika kadi. Mikono ioshwe mbele ya mtazamaji. Mwajiri hutazama haya kabla ya uzuri wa kazi, maana mteja akiungua, saluni ndiyo itakayodaiwa.

Hapa sina budi kulitaja piko. Mabinti wengi hubeba albamu ya picha za kazi zao, na ndani yake yumo bibi arusi aliyechorwa piko jeusi mikononi na miguuni. Kwetu ni fahari. Mbele ya mwajiri wa hapa ni balaa. Piko la siku hizi mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Sheria huiruhusu katika rangi ya nywele, isizidi asilimia 2, na kuchorea ngozi ni marufuku. Huweza kuleta malengelenge na makovu, na mwili ukishaikataa huenda ukaikataa maisha, hata ikipakwa nywele. Ndiyo maana wasusi hujaribu tone dogo la rangi nyuma ya sikio, kwa kawaida saa 48 kabla ya kumpaka mteja. Anayeonyesha picha za piko hujitangaza kuwa somo hilo lilimpita. Picha za hina nyekundu, ile ya majani, zibaki, tena zitangulie.

Tumewafunza watoto wetu kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na ni adabu njema. Lakini mwajiri Mwingereza huisoma kuwa ni woga au kuficha jambo. Amtazame anapojibu. Udi pia upumzike siku hiyo: kazi ya uso hufanywa pua kwa pua.

Ama kuhusu hijabu, mwaka 2008 mahakama ya kazi mjini London iliamua kesi ya msichana Mwislamu aliyekataliwa na saluni iliyotaka nywele za wafanyakazi wake zionekane. Dai la ubaguzi wa moja kwa moja halikufaulu; la ubaguzi usio wa moja kwa moja lilifaulu, akapewa fidia ya pauni 4,000 kwa kuumizwa moyo. Siku hizi mambo hayo yamo katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Kwa hiyo binti asiingie akiomba radhi kwa mtandio wake, wala asiingie akiipunga sheria kama bakora. Akiwa hataki kuhudumia wanaume, aseme mapema na kwa upole. Saluni nyingine zitakataa. Bora kujua leo kuliko wiki ya pili, mwanamume akiwa ameshakaa kitini.

Jumamosi ndiyo siku ya soko la saluni. Anayesema hawezi kufanya kazi Jumamosi kwa sababu ya madrasa au harusi za jamaa amejifungia mlango mwenyewe, isipokuwa ana siku nyingine za kutoa badala yake.

Mwisho, wengi huona haya kuuliza juu ya malipo. Aulize waziwazi: ni kuajiriwa au kukodi kiti? Mkodi kiti hulipa kodi ya nafasi yake, bima na kodi ya serikali mwenyewe, na likizo yake haina malipo. Kwa binti aliyemaliza chuo juzi, asiye na wateja wake, kodi ya kiti huanza kudaiwa wiki ya kwanza.