Meymand: Kijiji kinachohama na mifugo

Je, msomaji, ukiambiwa ukawahesabu wakazi wa Meymand, utakwenda msimu gani? Kijiji hiki, ambacho wenyeji wake husema Kiajemi, kimo katika mkoa wa Kerman, kusini mashariki mwa Iran, karibu na mji wa Shahr-e Babak. Sensa ya mwaka 2006 ilipata watu 673. Hata hivyo, usidhani utawakuta wote. Baridi ikiisha, wafugaji hupeleka mbuzi na kondoo kwenye malisho ya milimani na kukaa huko katika makao ya muda. Baridi ikirudi, huteremka na kuingia nyumba zao zilizochongwa ndani ya mwamba. UNESCO iliitangaza Meymand Urithi wa Dunia mwaka 2015. Basi ukisoma idadi ya watu wa mahali, uliza pia walihesabiwa lini.