Rafiki Wawili na Pikipiki Zao

Wasomaji wengi wa gazeti hili wanazijua pikipiki za Japani na za India, lakini za Hispania ni wachache waliozisikia. Nami napenda kuwaelezeni habari za viwanda viwili vya Barcelona, Montesa na Bultaco, ambavyo asili yao ni moja.

Mwaka 1944 Pere Permanyer na Francesc Xavier Bultó walishirikiana kuanzisha Montesa. Nchi ilikuwa maskini baada ya vita vyake vilivyokwisha 1939, na bidhaa za kigeni zilizuiwa. Basi mtu aliyetaka chombo cha kumpeleka kazini alinunua kilichoundwa nchini, na kiwanda kikastawi.

Mwaka 1958 biashara ilipungua. Permanyer akataka kuacha mashindano ili kupunguza gharama. Bultó hakukubali, kwani aliamini kwamba uzuri wa pikipiki hujulikana mashindanoni. Akatoka, na baadhi ya mafundi wakamfuata. Kiwanda chao kipya wakakiita Bultaco, yaani Bultó pamoja na Paco, jina lake la kupanga. Pikipiki yao ya kwanza ilitoka 1959.

Sifa yao kubwa ilitokana na mchezo wa kupita juu ya majabali na vijito bila kukanyaga chini. Mwaka 1965 Sammy Miller, mtu wa Ireland ya Kaskazini, alipanda Bultaco akashinda mashindano ya siku sita ya Scotland. Montesa nayo haikulala. Mwaka 1968 ikatoa Cota kwa mchezo uo huo.

Lakini ule ukuta uliowakinga ulikuja kubomoka. Bidhaa za Japani zilipoingia, tena migomo ikazidi, viwanda vilielemewa na madeni. Bultaco ilifungwa 1983. Montesa iliuza hisa zake kwa Honda katika miaka hiyo ya 1980, na jina lake lingali hai: Toni Bou amekuwa bingwa wa dunia juu ya Montesa tangu 2007. Hata Derbi, jirani yao, ilinunuliwa na Piaggio ya Italia mwaka 2001.

Kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye tangi la petroli halituambii mwenye mali ni nani. Je, ni heri kufa ukiwa huru, au kuishi katika nyumba ya mwingine? Mimi nikiwafikiria mafundi waliopoteza kazi, nachagua la pili. Nanyi mwasemaje?